Jinsi ya Kuilaza Kabatini Mashine ya Mama

Njia ya uhakika ya kuipoteza mashine ya kupimia presha ni hii. Inunue Kariakoo Jumamosi mchana, wala usiifungue. Jumapili alfajiri panda basi la Tanga, ushuke Muheza. Msalimie mama, kunywa chai, ngoja majirani waje kukuona, kisha toa boksi mbele yao ili kila mtu ajue mtoto wa mjini kaleta nini. Mfunge mama mkanda juu ya mkono wa gauni, bonyeza, soma namba kwa sauti. Majirani watampa pole. Mwambie, "Mama, ni rahisi, unabonyeza hapa tu." Kisha tazama saa, basi la kurudi lisikuache. Baada ya miezi mitatu mashine itakuwa kabatini nyuma ya vikombe vya wageni, betri zimevuja ndani yake, na karatasi ya maelezo ya Kiingereza na Kichina ingali imekunjwa kama ilivyotoka kiwandani.

Niliifuata njia hii mwenyewe, hatua kwa hatua, na ninaijutia. Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda kinyumenyume. Unaonyesha namna ya kushindwa, kwa sababu ndiyo namna inayotumika katika nyumba nyingi ninazozijua. Anayetaka kufaulu aigeuze kila hatua.

Siku nilipolifungua kabati la mama nilikuta vitu vinne. Mashine ya presha. Mashine ya kupimia sukari, na kichupa cha stripu zilizopitwa na tarehe. Simu ya kupangusa, ile plastiki ya dukani ingali imebandikwa juu ya kioo. Na miwani ya kusomea, imefungwa ndani ya leso. Simu aliyokuwa akiitumia ilikuwa kwenye pindo la khanga yake: kitochi, ambacho Wakenya wanakiita kabambe, chenye vitufe vilivyofutika maandishi na betri inayokaa siku nne. Vile vinne vya kabatini vililetwa na watoto watatu. Kitochi alikinunua mwenyewe.

Anza kwa kuamini kwamba mzee hataki vitu vipya

Hatua hii ni ya msingi. Ukishaamini hivyo, hutajisumbua kufundisha, na kifaa kikilala kabatini utakuwa na maelezo tayari: wazee hawapendi teknolojia.

Si kweli. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya Tanzania nzima, na karibu watu milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Mama alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Anaeleza mpaka leo jinsi kikundi chao kilivyokaa chini ya mwembe, redio ya mwenye duka katikati, kijitabu mkononi kwa wanaojua kusoma, na kiongozi wa kikundi aliyekwenda kufundishwa kwanza namna ya kuongoza. Kipindi kilisikilizwa, kijitabu kikasomwa, watu wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Walijifunza malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Redio wakati ule ilikuwa kitu kigeni kuliko simu ya kupangusa ilivyo leo, na betri zake zilikuwa ghali. Hakuna aliyewaambia wabonyeze hapa tu. Walipewa mtu wa kuwaongoza, kitabu cha kurejea, muda wa kuuliza, na kazi ya kufanya kipindi kikiisha.

Na hawakuishia kwenye redio. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, bibi na babu walijifunza kupokea na kutuma pesa kwa simu bila semina yoyote. Ada ya mjukuu ilikuwa inasubiriwa shuleni, kwa hiyo walijifunza.

Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Fred Davis, aliandika kwamba mtu hukipokea chombo kipya kwa kukipima kwa maswali mawili: kitanifaa, na je, ni rahisi kukitumia? Davis alikuwa akiwatazama watu wa ofisini na kompyuta zao. Mama yangu ana swali la tatu, na kwake ndilo linalotangulia: kikiisha, nani atanunua kingine? Kwa mtu asiye na mshahara, kila kifaa ni mdomo mpya wa kulisha. Betri, stripu, bando, vocha, nauli ya kwenda kwa fundi. Mzee anayekiweka kifaa kabatini mara nyingi ameshapiga hesabu ambayo sisi hatukuipiga.

Mnyang'anye simu mkononi

Akikawia kupata kitufe, ichukue simu, fanya wewe upesi, mrudishie. Sema, "Lete nikufanyie." Rudia mara kumi. Mara ya kumi na moja hatakuuliza kitu. Ataiweka simu chini na kusema macho yake hayaoni vizuri siku hizi.

Mama alifundisha wasichana cherehani kwa miaka mingi, na hakumfundisha hata mmoja kwa kumshonea. Aliwahi kuniambia, tena bila hasira, "Mwanangu, ukinishikia kalamu, mwandiko ni wako." Sikumwelewa siku ile.

Na ukimwona mzee akipapasa kioo mara tatu bila simu kuitika, amua kwamba hajui. Sababu yenyewe iko kwenye ngozi. Kioo cha simu hizi huhisi umeme mdogo sana unaopita kwenye kidole. Ngozi kavu, nene, yenye sugu za jembe na mchi, haiupitishi vizuri. Mzee anagusa, simu imenyamaza. Anabonyeza kwa nguvu na kukawia juu ya kioo, simu inachukulia kwamba ametaka jambo jingine, inamfungulia orodha asiyoiomba. Baada ya hapo anaamini kosa ni lake. Kidole kikilowanishwa kidogo kioo huitika vizuri zaidi, na simu nyingi zina sehemu kwenye mipangilio ya kurefusha muda wa kugusa na ya kukuza maandishi. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Ifanye pamoja naye, simu ikiwa mkononi mwake.

Masikio nayo. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kusikia wa kiwango cha kuwasumbua katika maisha. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, pamoja na herufi kama s, f na t. Kwa hiyo mlio mwembamba wa simu unalia chumbani na mama haupati, halafu wewe huku Dar es Salaam unalalamika kwamba hapokei. Mchagulie mlio mzito. Ukizungumza naye, kupiga kelele hakusaidii, kwa maana kelele hukuza "a" na "o" huku "s" ikibaki palepale. Punguza kasi na tamka maneno yote mpaka mwisho. Mkiwa pamoja, kaa mbele yake aone mdomo wako.

Kuhusu ile miwani ya kabatini: haikuwa ya macho yake. Aliyeinunua aliikadiria. Mpeleke mzee akapimwe macho kabla hujamnunulia kitu chochote chenye kioo.

Pima presha vibaya, kisha umtishe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Ukitaka namba ya uongo, mpime mama anaporudi sokoni, kabla hajakaa. Mpime akiwa na haja ndogo aliyoibana. Mfunge mkanda juu ya nguo. Mwache akae kwenye kigoda bila kuegemea, miguu imekunjwa, mkono unaning'inia. Muulize habari za shangazi wakati mashine inajaza upepo, naye akujibu. Tumia mkanda mdogo kwa mkono mnene. Karibu kila moja ya makosa haya huweza kupandisha namba, na yakikutana mawili au matatu, mtu mzima wa afya anaonekana mgonjwa.

Njia sahihi haina siri. Aende chooni kwanza. Nusu saa kabla ya kupima asinywe kahawa wala asivute sigara. Akae kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, kimya, nyayo zote mbili zimekanyaga chini. Mkono uwe wazi, umelazwa juu ya meza ili mkanda uwe usawa wa moyo, na mkanda wenyewe ukae vidole viwili juu ya kiwiko. Asiongee, na wewe usiongee. Apime mara mbili, akipumzika dakika moja katikati. Mashine za kufunga mkono wa juu zinaaminika zaidi kuliko zile ndogo za kifundo cha mkono, ingawa hizo ndogo ni nyepesi kubeba na wauzaji huzisifia sana.

Halafu kuna daftari. Mashine bila daftari ni nusu ya mashine. Tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini, basi. Asubuhi kabla ya vidonge na kabla ya kula, na jioni. Wiki moja ya namba zilizoandikwa hivyo humsaidia daktari kuliko namba moja ya kliniki, iliyopimwa baada ya mzee kupanda bodaboda na kusubiri foleni tangu saa kumi na mbili. Kliniki kikomo kinachotajwa sana ni 140 kwa 90. Kwa vipimo vya nyumbani, ambako mtu ametulia, wataalamu wengi hutumia 135 kwa 85. Namba moja iliyovuka hapo bado haijawa ugonjwa. Daktari anatazama wastani wa siku nyingi.

Sasa hatua ya kutisha. Namba ikiwa 168, sema "Yesu wangu!" au "Lahaula!" kwa sauti. Mpigie kaka Mwanza, mpigie dada Arusha, wote wampigie mama jioni hiyohiyo kumuuliza anajisikiaje. Kesho yake presha itakuwa imepanda kweli, na mama atasema alichoniambia mimi: "Hii mashine ndiyo inayoniletea presha." Ataiweka kabatini, na atakuwa na sababu.

Lakini hatari kubwa zaidi iko upande wa pili, kwenye namba nzuri. Mzee anapima, anaona 128 kwa 78, anafurahi, anasema amepona, anaacha vidonge. Namba ni nzuri kwa sababu ya vidonge. Hili lazima lisemwe mashine inapokabidhiwa, lirudiwe, liandikwe kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari: NAMBA IKIWA NZURI, DAWA INAENDELEA MPAKA DAKTARI ASEME. Na chini yake liandikwe la dharura. Namba ya juu ikifika 180 au ya chini 120, apumzike, apime tena. Ikibaki hapohapo, azungumze na watu wa afya siku hiyohiyo. Ikiwa pamoja na namba hiyo kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, au ulimi kuwa mzito, hakuna kupima tena wala kumsubiri mtoto wa Dar. Ni hospitali, saa hiyohiyo.

Mpe mashine ya sukari bila stripu

Mashine yenyewe ni rahisi, na wakati mwingine hutolewa karibu bure. Stripu ndizo zinazokula pesa, na stripu za kampuni moja hazifanyi kazi kwenye mashine ya kampuni nyingine. Peleka mashine na kichupa kimoja cha kuanzia, usiseme lolote kuhusu kichupa cha pili, na kazi ya kabati imekamilika. Anayepeleka mashine ya sukari amechukua jukumu la kila mwezi, kama kodi ya nyumba. Asiyeliweza jukumu hilo aseme mapema, watoto wagawane, au wamuulize daktari mzee apime mara ngapi kwa wiki. Si kila mgonjwa anahitaji kutobolewa kila siku.

Mengine ni ya kufundishwa mara moja. Anawe mikono na kuikausha, maana kidole kilichomenya embe kitaleta sukari ya embe. Atoboe pembeni mwa ncha ya kidole, kwani katikati panauma zaidi. Kichupa cha stripu kifungwe palepale baada ya kutoa moja, hasa huku pwani kwenye unyevu. Na ajue kwamba namba ndogo nayo inatisha. Chini ya 4, kwa vipimo vya mashine zetu, sukari imeshuka mno. Anywe soda yenye sukari au chai ya sukari upesi, apime tena baada ya robo saa, kisha ale.

Ishike wewe namba yake ya siri

Hatua hii inapendwa sana. Mama ana pesa kwenye simu, wewe ndiye unayejua namba ya siri, kwa sababu "atasahau". Au iandike nyuma ya simu kwa kalamu ya wino. Au mwache aende nayo kwa wakala na kumtajia kijana wa kibandani, ambaye mwezi ujao atakuwa kijana mwingine.

Mzee anayeikumbuka bei ya kahawa ya mwaka 1977 hashindwi kukumbuka tarakimu nne. Achague mwenyewe, asiwe mwaka wake wa kuzaliwa, na wewe usiijue.

Laini nayo iwe ya kwake. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia mwisho Januari 2020, wazee wengi walirudishwa kwa sababu vidole vyao vilikuwa vimelika kwa kazi na mashine haikuzisoma alama. Familia zikasajili laini ya bibi kwa jina la mjukuu. Mjukuu sasa yuko mbali, laini imepotea, na bibi hawezi kuirudisha pesa yake mwenyewe bila mtu huyo kusafiri. Bonyeza *106# leo uone laini hiyo ni ya jina la nani. Ikiwa si yake, mpeleke akajaribu tena, kidole kimoja baada ya kingine, baada ya kunawa na kulainisha ngozi. Vidole ni kumi.

Kisha kuna matapeli. Ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" umewakuta wengi, na wale wanaopiga kusema wamekosea kutuma, na wale wanaojiita watu wa huduma kwa wateja. Wanaolizwa si wazee peke yao; nawajua wenye shahada walioibiwa. Mzee anayekataa kugusa simu kwa kuogopa kuibiwa ameyasikia yaliyompata jirani yake, na anayo haki ya kuogopa. Ukimcheka, siku akiibiwa hatakwambia. Mpe kanuni moja anayoweza kuishika: hakuna pesa inayotoka kabla hajakusikia wewe kwa sauti yako, kwa namba anayoijua. Ujumbe wa kitapeli anaweza kuusambaza kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ya kupokea taarifa hizo.

Muunge kwenye kundi la familia, umsahau humo

Ukitaka aichukie simu ya kupangusa ndani ya wiki, muunge kwenye kundi la watu themanini. Simu italia tangu alfajiri: salamu zenye maua, michango, ubishi wa mpira, na dawa. Kila siku kuna anayetuma kwamba mdalasini na asali vinaponya kisukari. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka kikomo cha mazungumzo matano kwa ujumbe unaosambazwa, lakini kwa ukoo kama wetu kikomo hakizuii ujumbe kufika kila nyumba. Mzee aliyelelewa na Redio Tanzania anaamini kwamba kilichotangazwa kimepita mikononi mwa mtu anayewajibika. Mweleze kwamba humu hakuna mtu huyo, na kwamba ujumbe wa dawa ausomee nesi wa zahanati kwanza. Ndugu anayetuma dawa hizo kundini naye aambiwe, hadharani, na mtu wa rika lake.

Kinachowafaa wazee wengi ni sauti. WhatsApp ilipoleta ujumbe wa sauti mwaka 2013 iliwapa chombo kisichohitaji kuandika, na kwa Mswahili aliyezoea salamu ndefu kabla ya neno, kinamkaa vizuri. Mama anaweza kutoa salamu zake, akauliza habari za kila mtoto kwa jina, akafika kwenye shida yake baada ya dakika tatu, na hakuna anayemkata. Jibu na wewe kwa sauti. Kumjibu "ok" mtu aliyekusemesha kwa dakika tatu ni kukosa adabu.

Na akikubipu, mpigie. Wazee hawakusahau kubipu, ni hesabu yao ya vocha. Bipu moja ni salamu, bipu tatu mfululizo ni jambo. Familia ikishakubaliana hivyo, kitochi cha bei ndogo kinakuwa kengele ya hatari, na hakihitaji bando.

Nilirudi

Nilirudi Muheza nikakaa siku tano. Siku ya kwanza sikugusa kifaa chochote. Siku ya pili tulitupa stripu zilizopitwa na wakati, tukafuta maji ya betri kwenye mashine ya presha, tukaweka betri mpya, ikawaka. Mama akapima mwenyewe, mara sita, akikosea, mimi nimekalia mikono yangu. Kukaa kimya kwa siku tano zile kulikuwa kugumu kwangu kuliko kupima kulivyokuwa kwake.

Binti wa jirani, anayesoma kidato cha pili, aliombwa apitie kila jioni kwa muda wa mwezi mmoja. Asipime yeye, aulize tu, "Bibi, leo umeandika ngapi?" Nilimlipa, na ninawaambia wengine walipe. Tunawalipa mafundi wa friji na hatuoni ajabu.

Simu ya kupangusa mama aliikataa. Aliijaribu siku mbili, akaifunika kitambaa, akanirudishia. Alisema kitochi kinapiga, kinapokea, kinatuma pesa, kina tochi, na kikianguka hakivunjiki. Nilikuwa na hoja zangu, nikazimeza. Nimeichukua simu ile. Mzee aliyefundishwa vizuri, akaelewa, kisha akasema hapana, ameshajibu, na jibu lake liheshimiwe kama la mtu mzima yeyote.

Mashine ya presha haikurudi kabatini. Iko mezani, karibu na redio. Daftari la kwanza limejaa na lilikwenda naye kliniki. Daktari alilisoma lote, akapunguza dozi ya kidonge kimoja. Siku za Ijumaa jioni wanawake watano au sita wa mtaani hukaa barazani kwake kupima. Yeye ndiye anayewafunga mkanda, ndiye anayewaambia wanyamaze, na asiyenyamaza anarudishwa mwisho wa foleni. Wawili kati yao namba zao zilibaki juu wiki hadi wiki, akawapeleka zahanati mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Alijifunza mwaka 1973 kwamba kipindi kikiisha watu huinuka wakafanye.

Kama una mzazi nyumbani, fungua kabati lake safari hii, ukiomba ruhusa kwanza. Kilichomo kilinunuliwa na mmoja wenu. Kaa siku zaidi ya moja. Na kwa kuwa mashine nyingi za mkono wa juu hutumia betri nne ndogo, nunua nane kabla hujapanda basi.